Shati Lililonuka Ulanzi

Kila asubuhi wakati wa masika, kabla ya shule, Gideoni na binamu yake Kefa walikwenda kugema ulanzi, pombe ya mianzi, kwenye mianzi ya babu yao, nje kidogo ya Makambako. Huo ulikuwa mwaka 1954.

Siku moja Kefa alitangulia, akaumwaga ulanzi wa mwenzake. "Mgemaji gani wewe, mikono kama ya bibi," alimcheka. Gideoni akamrukia. Walipigana ngumi mpaka midomo ikatoka damu, wakaumana, wakagaragara matopeni. Kefa alipomkaba koo, Gideoni alipapasa akapata kipande cha mwanzi, akampiga nacho juu ya sikio la kulia. Akampiga tena. Kefa akanyamaza.

Alipozinduka hakujua alipo. Gideoni, kwa kuiogopa fimbo ya baba yake, alimmwagia ulanzi shatini, akamkokota nyumbani.

"Amekunywa," alisema.

Mama yake Kefa alimzaba mwanawe makofi mawili, akamlaza. Lakini Kefa alipotapika mara ya tatu, Gideoni na baba yake walimbeba hadi kwa Tabea, nesi wa zahanati ya misheni.

Tabea aliinama. "Shati linanuka, kinywa hakinuki." Akammulika Kefa macho kwa tochi, mboni zilikuwa sawa. "Kefa, bana vidole vyangu." Mkono wa kushoto ulilegea kidogo. Akamgeukia Gideoni. "Mwanangu, mlevi hulala akaamka. Aliyepigwa kichwani aweza kulala asiamke. Lori la kwenda Njombe, kwenye hospitali, liko barabarani, linaondoka. Alizimia?"

Gideoni aliitazama fimbo mkononi mwa baba yake.

"Nilimpiga mara mbili. Alizimia, kama muda wa kuimba wimbo mzima wa kanisani."

Baba akainua fimbo. Tabea akaidaka. "Siyo sasa, baba. Shika kichwa cha mtoto, kisitikisike."

Njiani Tabea alimwamsha Kefa na kummulika kila baada ya maili chache. Kabla hawajafika Njombe, mboni ya kulia ilikuwa imetanuka. Daktari alitoboa fuvu, akatoa damu iliyokuwa ikiubana ubongo.

Baada ya majuma matatu Kefa alirudi nyumbani, akiuburuta kidogo mguu wa kushoto. Tabea alimwita Gideoni mbele ya wazazi.

"Ulimpiga kwa mwanzi mara mbili," alisema. "Mara ya tatu ulimpiga kwa uongo. Hiyo ya tatu ndiyo ingemuua."