Darasa Lililosikika Hadi Barabarani

Kila asubuhi Rwamba alipokwenda kuteka maji, alipita nyuma ya shule ya msingi, nje kidogo ya Siakago. Akifika kwenye ua wa mkonge alipunguza mwendo. Alitaka kusikiliza darasa la tatu A.

"Mama anapika uji," alisema mwalimu Nyaga.

"Mama anapika uji," waliitikia watoto themanini.

"Baba analima shamba."

"Baba analima shamba."

Sauti zilifika mpaka barabarani. Rwamba alitabasamu, maana bintiye Igoki alikuwa humo ndani.

Lakini hakuwa humo tangu mwanzo, na hapo ndipo kosa lilipoanzia. Mwezi wa kwanza Igoki alipangiwa darasa la tatu B, kwa Nelius, mwalimu mgeni aliyetoka chuoni juzi tu. Darasa la Nelius liliimba mara chache tu. Watoto waliketi kwa vikundi wakiulizana maswali. Siku nyingine walitoka nje kupanga mawe. Rwamba aliona hayo kwa wiki mbili, akashindwa kuvumilia. Akaenda kwa mwalimu mkuu.

"Mwalimu, mimi sikuleta mtoto kucheza na mawe," alisema. "Mawe tunayo nyumbani ya kutosha."

"Mwalimu Nelius ana mtindo wake, mama Igoki."

"Basi abaki nao. Mpeleke wangu kwa Nyaga. Kule kunasikika watu wakisoma."

Nelius alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia yote. Kesho yake Igoki akahamishwa.

Rwamba mwenyewe aliacha shule darasa la pili. Aliweza kuandika jina lake, basi. Mumewe, Ndwiga, alifanya kazi Embu na alirudi mwisho wa mwezi. Kwa hiyo macho ya kusomea katika nyumba ile yalikuwa ya Igoki. Jioni mtoto alifungua kitabu akasoma ukurasa mzima bila kupumua. Majirani walipopita, Rwamba alimwambia, "Rudia, wasikie."

Mvua za mwezi wa nne zilipokwisha, mbuzi walianza kukonda. Gichovi, afisa wa mifugo, alipita na pikipiki yake, akakuta Rwamba yuko shambani kwenye ndengu. Akamwachia mlangoni chupa ya dawa ya minyoo na karatasi aliyoiandika kwa kalamu, herufi kubwa kubwa.

"Igoki, njoo usome," Rwamba aliita. "Tumpe kila mbuzi kiasi gani?"

Igoki alishika karatasi. Akaitazama kidogo, kisha akasema kwa sauti ya darasani, "Vijiko viwili asubuhi, vijiko viwili jioni. Tikisa kabla ya kutumia."

"Wote?"

"Wote."

Rwamba akawanywesha wote. Akamnywesha hata mbuzi mweupe aliyekuwa na mimba kubwa. Huyo Igoki alipewa na nyanya yake, awe wake mwenyewe. Igoki alikuwa amekwisha kuwachagulia watoto wa mbuzi majina mawili kabla hawajazaliwa.

Siku ya tatu, mbuzi mweupe akatupa mimba. Vilikuwa vitoto viwili. Igoki alikaa chini zizini, akakataa chai.

Gichovi alipoitwa alikuja mbio. Aliuliza swali moja tu. "Mlimpa nini?"

"Ulivyoandika," Rwamba alijibu kwa hasira. "Vijiko viwili asubuhi na jioni. Karatasi yako imeniulia mbuzi."

"Mimi niliandika hivyo? Hebu ilete."

Igoki akasoma tena, bila kukwama. Vijiko viwili asubuhi, vijiko viwili jioni. Gichovi aliichukua karatasi, akaigeuza juu chini, akamrudishia.

"Sasa soma."

Igoki akasoma vilevile, neno kwa neno.

Rwamba alitazama ile karatasi, akamtazama mtoto. Hata yeye wa darasa la pili alijua herufi zimesimama kwa vichwa.

"Mama Igoki," Gichovi alisema polepole, "niliandika kijiko kimoja, mara moja. Na chini hapa niliandika kwamba mwenye mimba asipewe. Mtoto huyu hajasoma. Amesema maneno aliyoyasikia mahali."

"Ni ya chupa ya kikohozi," Igoki alinong'ona. "Nesi alisema hivyo."

"Na kitabu?" Rwamba aliuliza. "Kitabu unakisoma kila siku."

Gichovi aliagiza kitabu kiletwe. Aliweka kidole juu ya neno moja katikati ya ukurasa. Igoki akaanza kutoka juu, "Mama anapika uji..." Gichovi akamzuia. "Hili tu." Mtoto akaangalia chini. Neno lilikuwa "shamba".

"Kwa nini hukusema hujui?" Rwamba aliuliza.

"Kwa mwalimu Nyaga ukinyamaza unachapwa," Igoki alisema. "Ukisema hujui pia unachapwa. Ukisema kitu chochote, unaweza kupatia."

Wakati huo kiboko kilikuwa bado hakijakatazwa mashuleni.

Gichovi alivua kofia. "Mimi nilifundishwa vivyo hivyo, mama. Wenye kushika haraka tulipona. Wengine walijificha ndani ya sauti za wenzao mpaka darasa la saba. Hakuna aliyejua."

Jumatatu Rwamba alivaa leso safi, akaenda kumngoja Nelius kwenye lango.

"Mwalimu, nilikusema vibaya."

"Nakumbuka," Nelius alisema. "Tangu siku ile kila nikiokota jiwe nakuwaza wewe."

Rwamba alicheka bila kutaka, halafu machozi yakamtoka. Akaeleza habari ya mbuzi.

"Kuimba pamoja si vibaya," Nelius alimwambia. "Hata mimi naimba nao, maana wengine hushika kwa sikio. Wengine hushika kwa macho, wengine mpaka waguse kitu kwa mikono yao. Kwa hiyo nachanganya. Lakini wimbo ukiisha, namwita mmoja mmoja anionyeshe. Hapo ndipo najua nani yuko na mimi na nani amebaki nyuma."

"Na asiyejua?"

"Aseme hajui. Halafu anionyeshe ni neno gani. Simchapi. Nikimchapa atanificha, nami nitamfundisha nini?"

Igoki akarudi tatu B. Wiki za kwanza zilikuwa ngumu. Alisoma kurasa chache kuliko zamani, tena kwa kukwama. Majirani waliokuja kumsikiliza waliulizana kama mtoto ameugua. Roho ilimuuma Rwamba, lakini hakumharakisha. Nelius alikuwa amemwomba jambo moja: kila jioni amwonyeshe Igoki maandishi mageni. Basi walisoma pakiti ya majani ya chai, mfuko wa unga, gazeti lililofungiwa sabuni. Rwamba aliweka kidole popote, akauliza, "Na hili?" Polepole hata Rwamba mwenyewe akaanza kuyashika maneno. Siku moja alisoma "chumvi" kabla ya Igoki, wakacheka wote wawili.

Mvua ikaja tena, na minyoo ikaja nayo. Mbuzi mweupe alikuwa na mimba nyingine. Gichovi alileta chupa na karatasi. Safari hii alikaa juu ya pikipiki, mikono kifuani, akangoja.

Rwamba alimshika mbuzi wa kwanza pembe. "Soma, mama yangu."

"Mbuzi mkubwa, kijiko kimoja," Igoki alisoma, kidole kikitembea. "Mara moja tu. Mwenye mimba..." Akasimama.

Rwamba alitaka kumsaidia, akajizuia. Mbuzi alipiga chafya.

"Hili silijui," Igoki alisema. Hakuangalia chini. "Ngoja. A-su... a-su-bi-ri. Asubiri! Mwenye mimba asubiri mpaka azae."

Gichovi aliwasha pikipiki. "Basi mimi kazi yangu imekwisha. Hapa kuna daktari."

Mbuzi mweupe alisubiri. Mwezi uliofuata alizaa mapacha, wote wazima, na Igoki akawapa yale majina aliyokuwa amewawekea wa kwanza.

Kwenye mkutano wa wazazi Rwamba alisimama mbele ya watu kwa mara ya kwanza maishani mwake. "Mzazi mwenzangu," alisema, "usipime shule kwa sauti inayofika barabarani. Mwite mtoto wako jioni, weka kidole juu ya neno moja, umwulize. Na akisema hajui, usimpige. Mshukuru. Mimi nilijifunza hayo kwa mbuzi wawili."

Watu walicheka. Mwalimu Nyaga aliketi kiti cha mwisho, ameinamisha kichwa. Lakini watoto waliona kwamba wiki ile aliegemea dirisha la tatu B saa nzima, akitazama.

Muhula uliofuata Rwamba alipita na mtungi wake nyuma ya shule. "Mama anapika uji," lilisema darasa la tatu A, sauti themanini. Halafu kukawa kimya. Rwamba akasimama kwenye mkonge. Akasikia sauti moja ndogo, peke yake, isiyo na woga.

"Mwalimu, hapa mimi sijui."

"Vizuri," alijibu Nyaga. "Njoo unionyeshe ni wapi."

Rwamba akaweka mtungi mgongoni, akaenda zake mtoni akiimba.