Kichuma cha Ndani

Haya yalimpata Clemensi, rafiki yangu, fundi wa baiskeli na magobore kule Rhotia, mwaka 1981. Mchuuzi wa ng'ombe alimletea bastola.

"Toa kile kichuma cha ndani kinachozuia risasi isitoke bastola ikianguka. Kinanichelewesha."

"Itakuja kumuua mtu, mzee."

"Fundi mzima unaogopa chuma?"

Clemensi aliona haya; mchuuzi alipoondoka, akaifungua. Mafuta ya kondoo yaliyooza yakamtiririkia vidoleni pamoja na unywele mrefu. Akakitoa kichuma, akaenda kukitupa chooni, shimoni kabisa.

Aliporudi, ukungu ulikuwa umetia giza kibandani. Bastola tupu ikalia mezani, ta, kama iliyofyatuliwa. Hakukuwa na mtu. Akaifungua tena.

Kichuma kilikuwa mahali pake, kimelowa, kinanuka choo.