Siku Mashabiki wa Olchani Waliponyamaza

Kila Ijumaa kengele ya mwisho ilipolia katika Shule ya Olchani, Kitengela, Lennox alikuwa wa kwanza kutoka darasani. Hakuwa mchezaji. Alikuwa kiongozi wa mashabiki wa timu ya wasichana ya mpira wa magongo, na kazi hiyo aliipa uzito zaidi kuliko hesabu. Alibeba debe lake begani, akashika vijiti viwili, na wenzake wakamfuata uwanjani wakitimua vumbi. Walimu walisema kwa sauti aliyokuwa nayo, debe lenyewe halikuhitajika.

Kasoro yake ilikuwa moja: aliipenda timu yake ikishinda tu. Ikifungwa, alikuwa mkali kama pilipili. Ijumaa moja Olchani walicheza nyumbani na shule kutoka Ongata Rongai, na kabla ya mapumziko walikuwa wamefungwa bao moja. Lennox akakasirika, akatunga wimbo papo hapo.

"Hamda mlango wazi!" aliimba akipiga debe.

"Ingia bila hodi!" wakaitikia mashabiki.

Hamda ndiye aliyekuwa kipa. Wimbo ulinoga kweli kweli, na kadiri walivyouimba ndivyo mabao yalivyozidi kuingia, mpaka yakawa matatu. Kufikia Jumatatu hata watoto wa chekechea waliuimba wakienda msalani.

Jumatatu hiyo hiyo Hamda alimpelekea Mwalimu Ndeti, kocha wao, helmeti na pedi zake za miguuni.

"Mwalimu, tafuta kipa mwingine," alisema akitazama chini. "Jana ndugu yangu mdogo, Sharmarke, aliniuliza kama ni kweli mimi ni mlango."

Mwalimu alimsihi, lakini wapi! Shule haikuwa na kipa mwingine. Mchezo uliobaki ulikuwa mmoja tu, Jumamosi, mjini Kajiado, dhidi ya wenyeji. Wakishinda, wangeiwakilisha kaunti nzima. Bila kipa, wasingeingia hata uwanjani.

Lennox aliposikia habari hizo alicheka. "Si aende! Kufungwa tatu ni kazi ngumu? Hata debe langu linaweza."

Jioni hiyo baba yake, Mzee Nashon, alirudi kutoka kazini Nairobi. Lennox alichukua simu ya mama yake. Rafiki yake Mutinda alikuwa ameitumia kupiga video ya mchezo ule, na sasa Lennox alitaka sifa.

"Baba, hebu ona vile tulichangamsha uwanja!"

Baba alitazama bila kucheka. "Rudisha nyuma," alisema. "Huyu kipa anasema nini?"

"Sijui. Hasikiki."

"Ndiyo, hasikiki. Sasa angalia mkono wake."

Lennox akaangalia. Kabla ya bao la pili, Hamda alikuwa akionyesha upande wa kushoto, mdomo wazi, akimwita Maryanne, beki wake. Mshambuliaji wa Rongai alikuwa peke yake upande huo. Maryanne alikuwa amempa kipa mgongo na hakugeuka. Kilichosikika ni debe tu na "ingia bila hodi". Bao la tatu likaja vivyo hivyo.

"Kipa ndiye anaona uwanja wote," baba alisema. "Mabeki wanategemea masikio. Sasa niambie, hayo mabao yalifungwa na Rongai peke yao?"

Lennox alizima simu. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayopasha masikio moto. Siku zote alijiona mtu wa timu. Kumbe timu yake mwenyewe ndiyo aliyokuwa akiifunga!

Kesho yake baada ya masomo alikwenda sokoni na simu ile, kwenye duka la nguo la mama yake Hamda. Mama Hamda, jina lake Khadijo, alimtazama kutoka kichwani hadi miguuni.

"Habari ya jioni, Mama Hamda."

"Nzuri. Wewe ndiye yule wa debe?"

Lennox alitamani ardhi immeze. "Ni mimi. Nimekuja kumwomba Hamda msamaha."

Hamda aliacha kukunja nguo. Lennox akamwonyesha video, akamweleza alichokiona. Msichana aliitazama mpaka mwisho.

"Bao la kwanza ni langu, nilizembea," alisema. "Lakini hayo mawili niliita mpaka koo likauma. Nilidhani Maryanne amenipuuza!"

"Nisamehe, Hamda. Nilikukosea. Nitakutungia wimbo mwingine, wa kukusifu."

"Sitaki wimbo. Ukitaka nirudi, wakati wa kona fupi mnyamaze. Nyote."

Kona fupi ndiyo adhabu inayoogopwa zaidi katika magongo. Mpira husukumwa kutoka kwenye mstari wa goli, na mabeki hutoka mbio kuzuia shuti. Sauti ya kipa ndiyo inayowaongoza.

"Kunyamaza?" Lennox aliuliza kama mtu aliyeombwa jino.

Mama Hamda akacheka. "Kama huwezi, sema mapema."

"Naweza," alijibu.

Kuahidi ni rahisi. Mutinda alipoelezwa, alishika kiuno. "Shabiki gani ananyamaza? Kwani tunaenda mazishi?" Lennox aliwaonyesha mashabiki wote video ile, na kicheko kikawaishia. Wakakubaliana: akiinua vijiti juu, hakuna kupumua.

Jumamosi uwanja wa Kajiado ulifurika watu. Hamda alikuwa golini, helmeti juu ya hijabu yake. Mashabiki wa Olchani waliimba majina ya wachezaji wote, hata wa akiba. Kabla ya mapumziko Maryanne akafunga bao!

Baada ya hapo wenyeji walishambulia bila huruma. Dakika za mwisho refa akapuliza filimbi: kona fupi kwa Kajiado. Sare isingewatosha Olchani.

Lennox akainua vijiti juu.

Kimya! Mutinda alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Mashabiki wa wenyeji wakadhani kuna mtu ameumia, nao wakanyamaza. Uwanja mzima ukabaki na upepo.

"Maryanne, kushoto!" sauti ya Hamda ilipaa. "Najah, mtokee! Toka!"

Mpira ukasukumwa. Najah, beki mwingine, alitoka kama mshale, mshambuliaji akamkwepa, akapiga kushoto. Maryanne alikuwepo! Mpira ukagonga gongo lake, ukadunda mbele ya goli, na Hamda akaupiga teke kwa nguvu zake zote. Filimbi ya mwisho ikalia.

Kelele zilizofuata, wacha tu! Debe la Lennox lilipasuka siku hiyo, na hakulihurumia. Hamda alibebwa juu juu mpaka kwenye basi la shule, akicheka na kulia kwa pamoja.

Mwalimu Ndeti aliwakusanya wote kando ya basi, wachezaji na mashabiki.

"Wanangu, Ijumaa ile mlimwacha kipa wetu akicheza peke yake. Leo mmecheza naye," alisema. "Kukosolewa si vibaya. Hamda mwenyewe anajua alipokosea. Lakini kumkejeli mwenzako hakumfundishi kitu, kunamvunja moyo tu. Timu yako ni yako hata inapofungwa, na siku hiyo ndipo inapokuhitaji zaidi. Siku ya ushindi, hata mpita njia hushangilia."