Chumba Kisicho na Jiko

Je, mgeni akikaa kwenu siku nne, na bado mnamwambia apumzike tu, moyoni mwake atajionaje? Liweke swali hilo karibu, maana Nesta hakulifikiria, na hata wakubwa wake hawakulifikiria.

Nesta alikuwa darasa la sita hapa Tunduma, akiishi na bibi yake, Tulinagwe. Kila asubuhi alifagia uwanja, akanawa yale maji ya Juni yanayouma vidole, akavaa sare na sweta. Wiki ile, kuanzia Jumapili, alikuwa na kazi moja zaidi. Kabla ya kwenda kanisani au shuleni alipeleka chupa ya uji na hotipoti ya ugali kwa Bibi Enesi.

Bibi Enesi alikuwa mama mzee kutoka milima ya Ileje. Miaka miwili alilala kwenye baraza la duka la vifaa vya ujenzi, karibu na foleni ya malori ya mpakani. Alikuwa na mafiga matatu kando ya baraza, akiwachemshia chai madereva. Wale wa Zambia walimwita Bamayo, yaani mama kwa Kibemba.

Akina mama wa kanisani waliona haifai mtu mzima alale nje na baridi ile. Wakachangishana kodi, wakampatia chumba kwa Mzee Yonathani, kwenye nyumba ya wapangaji wanne wenye uwanja mmoja. Wakaweka kitanda, blanketi mbili, ndoo yenye mfuniko, hata pazia la maua. Na ili asihangaike kupika, wakapanga zamu za kumpelekea chakula. Zamu ya kwanza ikawa ya Bibi Tulinagwe.

Siku tatu Nesta alimkuta Bibi Enesi ameketi mlangoni, mikono mapajani. Siku ya nne alibisha hodi, kimya. Kufuli lilikuwa mlangoni. Alingoja kidogo, akaona atachelewa kuhesabiwa namba shuleni, akaondoka na chakula chake. Wakati wa mapumziko akala na rafiki yake Brenda, wakipokezana kifuniko cha chupa ya uji.

Jioni bibi yake aliuliza Bibi Enesi ameamkaje. Nesta akajibu kwamba hajambo na ameshukuru sana. Kesho yake kufuli lilikuwa palepale, na keshokutwa pia. Brenda alicheka akasema, "Ya Bibi Enesi hatuyajui, ila sisi tunanenepa." Nesta hakucheka. Lakini nyumbani alirudia jibu lilelile.

Jumamosi Mzee Yonathani alikuja mwenyewe. Hakuja kwa ugomvi. Alieleza kwamba chumba hakijalaliwa siku tatu, na kuna mama mwenye watoto anakiulizia. Kama Bibi Enesi hatarudi kufikia kesho jioni, atampa huyo na kuwarudishia kodi yao.

Bibi Tulinagwe alimgeukia mjukuu wake. "Nesta, jana uliniambia nini?"

Nesta alitazama vidole vya miguu yake. "Nilikudanganya, bibi. Sijamkuta siku tatu. Chakula tulikula na Brenda."

Bibi hakumgombeza. Alijifunga kitenge, akamwambia waende.

Walimkuta Bibi Enesi barazani, boksi lake la kulalia limekunjwa vizuri, birika liko motoni. Shadrack, mlinzi wa duka, aliwasogezea ndoo wakalie. Nesta aliomba msamaha kwanza. Bibi Enesi akamshika bega, akasema chakula kikiliwa na mtoto hakijapotea.

Bibi Tulinagwe akamwuliza kama kuna aliyemkosea kule. Alijibu kwamba hakuna, chumba ni kizuri na watu ni wema. Akasukuma kuni. Kisha akasema:

"Asubuhi wale wanawake wanawasha majiko uwanjani. Aliyetangulia anawagawia wenzake makaa. Wanapiga soga, wanaombana chumvi. Mimi naambiwa, 'Shikamoo bibi, wewe pumzika.' Nikapumzika siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne nikaona nimekuwa mgonjwa. Nikarudi kwenye moto wangu."

Bibi Tulinagwe alishika shavu. Akina mama wa kanisani walikumbuka pazia la maua, wakasahau jiko. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," alisema polepole. "Sisi ya nne tulikuwa bado tunakuletea uji. Tusamehe, dada. Hukuhamia pale kama kwako, tulikukaribisha tu kama mgeni."

Njiani kurudi alimwambia Nesta, "Uji mliokunywa si kitu. Lakini siku ile ya kwanza ungeniambia mlango una kufuli, kosa letu sisi wakubwa lingeonekana siku hiyohiyo. Uongo wako ulilifunika, na mtu alikuwa karibu kukosa pa kulala. Ukitumwa, rudi na habari kama ilivyo, hata kama ni mbaya."

Jioni hiyo Nesta alibeba kichwani jiko la mkaa la bibi yake, na ndani ya jiko sufuria, mwiko na unga. Bibi Enesi, aliyekubali kurudi chumbani, alitangulia na birika lake. Mzee Yonathani aliwaona wakiingia, akaenda kumwambia yule mama atafute chumba kwingine.

Jumatatu Nesta alifika na chupa ya uji, ambayo bibi yake alisema ni ya salamu tu. Uwanjani jiko la Bibi Enesi lilikuwa limewaka kabla ya mengine yote. Mama Aliko, mpangaji wa chumba cha pili, alikuwa ameinama na kipande cha bati, akichotewa makaa. "Bibi yetu huyu anaamka kabla ya jogoo," alimwambia Nesta.

Nesta aliamkia, akanyoosha chupa. Bibi Enesi hakuipokea. Alifunua sufuria, mvuke ukapanda.

"Hiyo mrudishie bibi yako, na umsalimie," alisema. "Kesho uje mikono mitupu. Tangu siku ile ya kwanza nilitaka kitu kimoja tu, nikashindwa kusema: nilitaka nikupikie mimi."