Hina Iliyobaki

Ndoo ya kwanza ilitoka nyekundu, na hilo halikumshangaza mtu. Hina ni hina. Ya pili nayo ikatoka nyekundu. Bi Vidole akapandisha mikono ya gauni, akamwinamisha binti yake vizuri juu ya beseni, akamimina ya tatu polepole kuanzia kisogoni, na maji yakashuka mekundu kama yale ya mwanzo. Tena yalikuwa ya uvuguvugu, ilhali aliyateka mwenyewe kwenye pipa la kivulini.

"Mama, shingo inauma."

"Shingo haijawahi kumuua mtu. Tulia."

Akamimina tena, na tena. Mwishowe alichoka, akamfunga mtoto taulo, akajiambia kwamba unga ulikuwa mkali. Lakini mtu aliyepaka watu hina tangu hajaolewa anajua maji ya mwisho yanavyokuwa, na yale hayakuwa ya mwisho.

Sebule ya nyumba ile ndiyo ilikuwa saluni. Viti viwili, kioo kirefu, beseni la kuoshea, na rafu ya mikebe: hina ya kutia wekundu, nili ya kuugeuza wekundu uwe weusi, uwatu wa kulainisha, mkunazi wa kuoshea, mwarobaini wa mba. Dawa za chupa zinazonuka kama betri ya gari Bi Vidole hakutaka hata kuziona. Jina hilo alipewa na wateja kwa wepesi wa vidole vyake. Mume alikwisha kufa, akamwachia watu wawili. Mmoja ni binti, waliyemwita Kidosho. Wa pili ni dada wa marehemu, aliyekuwa akichekecha unga pale saluni na kusema kutwa nzima bila kumeza mate. Huyo wote walimwita Wifi Redio, hata wasiokuwa mawifi zake.

Kazi ile ina sharti lake. Mteja akija na unga wake mwenyewe, kinachobaki kwenye bakuli ni chake. Kinafunikwa, kinawekwa pembeni, anakikuta siku akirudi. Hakiguswi, hata kama ni cha kupaka ukucha mmoja. Bi Vidole aliwahi kuwafukuza wasichana wa kazi kwa kosa hilo, na maneno aliyowasindikiza nayo hayaandikiki.

Jana yake adhuhuri, Wifi Redio akiwa ametoka, alikuwa ameingia mwanamke asiyejulikana mtaani. Alijitanda mpaka kidevuni. Hakubisha hodi wala hakusalimu. Alikaa kitini kama mtu aliyekiacha muda si mrefu, akatoa fundo la kitambaa lenye unga wa hina wa kijani kibichi, laini kuliko unga wowote uliowahi kupita kwenye chekecheo la nyumba ile. Alipofunua kichwa, nywele zilimshuka hadi kiunoni, kavu kama makumbi ya nazi. Hazikuwa na harufu. Si jasho, si mafuta, si moshi wa jikoni. Kila kichwa kina harufu ya mwenyewe, na hiki hakikuwa na mwenyewe.

"Leo nyekundu," mwanamke alisema. "Nyeusi utanimalizia nikirudi. Kilichobaki niwekee."

"Huoshi?"

"Nitaosha kwetu."

Akaondoka na mfuko wa nailoni kichwani, hina ikiwa mbichi, na mlango ule ambao humlilia kila mtu haukumlilia yeye.

Asubuhi iliyofuata Kidosho alikuja na nywele zake mkononi, kama mtu aliyebeba kuku mgonjwa. Alikuwa ameitwa kwenye usaili wa kazi ya mapokezi, kazi ya kwanza maishani mwake, na mama yake alikuwa ameshaitangaza mtaa mzima.

"Mama, nitakwenda na kichwa hiki? Watadhani nimetoka kupakia mkaa."

Bi Vidole akafungua mkebe wake wa hina. Ulibaki unga wa chini, umezeeka, wa kutoa rangi ya chai ya bahili. Akageuka, akaliona bakuli la mteja. Hina ilikuwa imeiva, juu kahawia, ndani kijani, inanukia vizuri mpaka mate yanajaa.

Wifi Redio aliacha kuchekecha. "Wifi, hiyo si ya mtu?"

"Akija nitamkorogea nyingine. Hina haina jina lililoandikwa."

"Mh. Ungenikuta mimi nimefanya hivyo ungenifungashia virago."

"Na bado naweza. Chekecha."

Basi ndivyo ilivyokuwa, na ndiyo maana maji hayakutakata.

Rangi ilitoka ya ajabu, hilo lazima lisemwe. Nywele za Kidosho ziling'aa kama shaba iliyosuguliwa, na majirani wakaja kuangalia, wengine kwa mapenzi na wengine kwa kijicho. Lakini kulipokucha mto wake ulikuwa umelowa, mwekundu, na chumba kizima kinanuka udongo uliomwagiwa maji. Bi Vidole akabadilisha foronya. Siku iliyofuata akaibadilisha tena, na safari hii nywele zilikuwa zimekauka, zinakwaruza mkononi kama makumbi, na zilizokuwa zinaishia mabegani zimefika chini ya makwapa.

Mtoto mwenyewe alitoka chumbani, akapita kiti cha plastiki alichozoea, akakaa kwenye kiti cha wateja, akajitazama kiooni.

"Uji wako unapoa," mama yake alisema.

Kidosho akainua macho kiooni, akamtazama mama yake kwa adabu, vile mtu anavyomtazama asiyemjua. "Fundi," alisema, "utanimalizia lini?"

Wifi Redio, aliyekuwa katikati ya habari ndefu ya jirani na mwenye nyumba wake, alinyamaza. Hata Bi Vidole, ambaye miaka yote alikuwa akiomba ukimya ule, hakuufurahia.

"Nani fundi? Mimi mama yako."

"Nywele zinaniwasha, fundi. Nimekaa sana."

Siku ya usaili ikaja, ikapita. Nguo ilikuwa imepigwa pasi, imening'inia mlangoni, na Kidosho hakuigeukia hata mara moja. Alikaa kitini tangu asubuhi, mikono mapajani, akisubiri zamu yake. Wateja wengine wakaja, wakakaa kiti cha pili, wakamsalimu, wasijibiwe. Mmoja, mke wa kinyozi, alikuwa anasukwa huku akisinzia, mara akasema taratibu, "Bi Vidole, punguza maji, yananiingia mgongoni," na Bi Vidole akatazama mikono yake mwenyewe iliyokuwa mikavu, akatazama mgongo wa mteja, akaona mstari mwekundu unashuka kutoka kisogoni kama kidole kinachotafuta njia. Mke wa kinyozi aliondoka kichwa nusu kimesukwa, nusu kimesimama, na hakurudi kuchukua hata kitana chake.

Tangu hapo alasiri zikawa mbaya, kwa sababu alasiri ndipo saluni hukosa watu, na Bi Vidole akiwa jikoni alianza kusikia sebuleni sauti ya kitana kikipita kwenye nywele kavu, kwa utaratibu, kuanzia utosini hadi mwisho, kikisita penye fundo na kuendelea, na baada ya kila mpito mtu anashusha pumzi kama anayekunwa mahali palipomwasha siku nyingi, na alipochungulia alimkuta Kidosho amekaa palepale, mikono mapajani, hakuna kitana, hakuna mtu nyuma yake, ila nywele zinajigawa zenyewe mafungu mafungu, kama zinavyogawiwa na mtu anayejua kazi.

"Wifi," alinong'ona Wifi Redio nyuma yake, akimshika gauni, "mimi nakwenda kumwita mganga. Ukubali ukatae, nakwenda."

"Nenda. Na usimsimulie mtaa mzima njiani."

"Nina sauti ya kusimulia mimi?"

Mganga aliyekuja alikuwa mwanamke wa makamo mwenye mafua, kiatu kimoja kimefungwa kwa kamba. Alifukiza, akasoma, akakoroga unga wa mkunazi kwenye maji akamwagia Kidosho kichwani, maana mkunazi majini hawaupendi. Kidosho alitulia akamwagiwa. Kisha akachukua tone kwenye kidole, akalinusa.

"Mkunazi huu umekaa mno," alisema kwa ile sauti ya adabu. "Hauna hata povu. Fundi, kwako ndiyo mnaoshea watu huu?"

Mganga akafuta pua. Akamvuta Bi Vidole hadi jikoni, akafunga mlango.

"Hina ilikuwa ya nani?"

"Yangu."

"Mama, mimi nina mafua, sina upofu. Ya nani?"

Bi Vidole akatazama ukuta. "Ya mteja. Aliniachia nimwekee. Nikampaka mtoto."

"Basi simtoi. Nitamtoaje mtu kwenye kitu chake? Hakuvamia, ameifuata mali yake akaikuta kwenye kichwa cha mwanao. Anasubiri umalizie nili. Na ukimalizia kwenye kichwa kile, kichwa ni chake moja kwa moja."

"Nikimnyoa?"

"Atakuwa ndani ya zitakazoota." Mganga akachukua mkoba wake. "Aende kwa hiari yake mwenyewe, akipata pazuri zaidi. Ni wapi, sijui, na mimi sijakushauri kitu. Umenisikia? Sijakushauri."

Bi Vidole alibaki jikoni mpaka aliposikia kitana kimeanza tena. Ndipo alipoingia sebuleni, akavuta kile kiti cha plastiki, akakaa uso kwa uso na binti yake, akavua kilemba. Kichwa chake mwenyewe hakikuwa kimepakwa kitu chochote tangu mumewe alipofariki. Kilikuwa cheupe chote.

"Mteja," alisema, "tuzungumze kazi. Hicho kichwa ulichokalia hakikufai. Ni cha mtoto. Hajui kukichana, akisukwa jioni asubuhi ameshafumua, leo anataka nyekundu, kesho atakwenda kutia dawa za chupa zikuunguze. Mimi naona aibu kukumalizia hapo."

Nywele ziliacha kujigawa.

"Tazama hiki. Hakijawahi kuunguzwa. Kinaoshwa kwa mkunazi mpya, kinalainishwa kwa uwatu, na mwenyewe ndiye fundi. Utapata wapi kiti cha kukaa na fundi ndani yake?"

"Una mvi," ilisema sauti kwa kinywa cha mwanawe.

"Mvi ndiyo inayoshika rangi. Nyeusi inajificha, mvi inaipokea yote. Hilo unalijua, usinifanye mjinga."

Wifi Redio, aliyekuwa amesimama mlangoni na kanga mdomoni, alisema baadaye kwamba alitaka kumvuta wifi yake atoke, asithubutu, na kwamba kilichomtisha si ile sauti, ni jinsi Bi Vidole alivyokuwa akitabasamu, lile tabasamu lake la kumbembeleza mteja anayesitasita mlangoni.

"Lete beseni," ilisema sauti.

Alimwinamisha binti yake kama alivyomwinamisha siku ile, akamimina, na safari hii hakuyamwaga maji, aliyakinga yote, ndoo baada ya ndoo, mekundu, yenye joto, mazito kuliko maji, na kadiri yalivyoshuka nywele za mtoto zilirudi juu, zikalainika, zikapoteza shaba yake, zikawa zile zile za kupakia mkaa, mpaka yakaja maji meupe, na Kidosho akasema kwa sauti ya kukwaruza, "Mama, shingo," ndipo Bi Vidole alipomsukuma kando kwa kiwiko, akapiga magoti, akatumbukiza kichwa chake chote ndani ya beseni. Wifi Redio aliona maji yanashuka kama yanayonywewa. Bi Vidole alipoinua kichwa, beseni lilikuwa kavu. Hakulia wala hakutetemeka. Aliomba mkebe wa nili, akaikoroga kwa maji na chumvi kidogo, akajipaka mwenyewe haraka kabla nguvu yake haijafa, fungu kwa fungu, mbele ya kioo, akafunga nailoni juu yake.

"Kazi imekwisha," alikiambia kioo.

Kidosho aliandika barua ya kuomba radhi, akaitwa tena, akapata kazi. Hakumbuki kitu ila kwamba aliugua homa. Saluni ilirudi kujaa, na wateja wanamsifu Bi Vidole mpaka wanachosha: mwanamke wa umri ule, nywele nyeusi tititi, za kung'aa, zimefika kiunoni. Wanataka kujua anajipaka nini, na kila baada ya muda gani.

Hajipaki kitu. Mtu yeyote wa kazi hiyo anajua kwamba rangi haiingii kwenye ngozi. Nywele zikiota, mizizi inatoka na weupe wake, unarudia, ndiyo maana wateja hawaishi. Wifi Redio amemwoshea kichwa miezi na miezi, amemgawia njia katikati, ametafuta. Zinaota nyeusi kutoka ndani. Hilo tu ndilo jambo ambalo Redio hajalitangaza.

Na kuna jambo ambalo hata yeye halijui. Juzi Kidosho alirudi kazini mapema, amefurahi, akamkuta mama yake amekaa peke yake anajipepea. Akavua viatu, akaja nyuma ya kiti.

"Mama, leo nikusuke mimi. Siku zote unatusuka sisi."

Dirisha lilikuwa limefungwa. Feni haikuwepo. Bi Vidole aliona kwenye kioo nywele zake zote, kutoka utosini hadi kiunoni, zimeinuka taratibu zikaegemea upande wa vidole vya mtoto, kama mimea inavyoegemea jua.

Alisimama haraka hata kiti kikaanguka. "Usiniguse kichwa."

"Mama, nimefanya nini?"

"Nimesema usiniguse. Leo wala kesho. Hata nikikuita mwenyewe, nikikubembeleza, usije. Umenielewa?"

"Umekuwa mkali siku hizi."

"Nilizaliwa mkali. Nenda ukale."

Kidosho akaenda jikoni, amenuna, akigonga vyombo makusudi. Bi Vidole akachukua kilemba, akakifunga, akakivuta mpaka kikauma. Kisha akafunga fundo la pili juu ya la kwanza, kwa sababu la kwanza lilikuwa limeshaanza kufunguka.