Uzi wa Maji Nyuma ya Boti

Kila asubuhi, kabla kengele ya shule haijalia, Pulchérie alishuka ufukweni mwa mji wa Baraka kuangalia gunia lake la mihogo iliyolowekwa ziwani. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Baba yake, Placide, aliendesha boti ya misheni, boti ya mbao yenye mashine nyuma. Mara tatu alikuwa amemwambia binti yake, "Loweka kule nyuma ya mawe, si hapa boti inapofungwa. Nyuzi za muhogo zitaingia kwenye mashine."

Lakini kwenye mawe kulikuwa mbali, na wenzake walimngoja waruke kamba. Basi juma lile gunia lililala palepale, kando ya boti.

Jumamosi asubuhi mtu wa baiskeli alifika kutoka Mboko. Alisema Koko Suzanne, bibi yake Pulchérie na mama yake Placide, hainuki tena kitandani. "Anamtaja mjukuu wake tu. Anauliza, mke mwenzangu atakuja lini?" Hivyo ndivyo Koko alivyokuwa akimtania Pulchérie tangu alipojifunza kutembea.

Padri wa misheni aliwaruhusu waende na boti. Pulchérie alikimbia mbele ya baba yake ili aliondoe gunia kabla halijaonekana. Alilivuta kwa nguvu, likapasuka, na muhogo uliolainika ukamwagika majini kuzunguka mashine. Placide alifika na debe la mafuta begani, mawazo yake yote yakiwa Mboko. Alivuta kamba, mashine ikanguruma, wakaondoka.

Ndani ya boti Pulchérie alikuwa na kazi moja. Mashine ile ilinyonya maji ya ziwa kwa matundu madogo yaliyokuwa chini, ikayapandisha yapoze chuma, kisha ikayatoa nyuma kama uzi mwembamba. Watu wa boti waliuita mkojo. Uzi ukikatika, mashine inaungua. Kwa hiyo Pulchérie aliketi nyuma na kuutazama.

"Iko inakojoa?" Placide aliuliza.

"Ndiyo, papa, inakojoa."

Ilikuwa kweli, mwanzoni. Baada ya saa moja uzi ulipungua. Kisha ukawa mwembamba kama uzi wa kushonea, ukikatika na kurudi. Pulchérie alijua kwa nini. Alijua pia kwamba akisema, baba yake ataifungua mashine na kuukuta muhogo. Pengine itajisafisha yenyewe, alijiambia.

"Inakojoa?"

"Inakojoa, papa."

Haukupita muda, harufu ya rangi inayoungua ikawafikia na mvuke ukatoka. Placide aliizima mashine, akaigusa, akaurudisha mkono haraka. Pulchérie alichota maji kwa bakuli ili aimwagie, lakini baba alimshika mkono.

"Acha. Chuma kikiwa moto hivi, maji baridi yatakipasua. Tungoje."

Walingoja. Boti ilielea, na milima ya Mboko ilionekana mbele yao, karibu kwa macho, mbali kwa kasia. Placide alikuwa anatazama upande ule mama yake alikolala.

Mashine ilipopoa, aliiinua kutoka majini na kuchokoa matundu kwa waya. Akaiwasha. Maji hayakutoka. Akaizima upesi, akaiinua tena, akafungua kifuniko kidogo cha chini kwa kisu. Ndani kulikuwa na donge jeupe lenye harufu ya muhogo uliochacha. Alilivuta kwa vidole, likaja likirefuka, uzi baada ya uzi. Alipoiwasha tena, maji yaliruka nyuma kwa nguvu. Akayakinga kwa kiganja. Yalikuwa ya uvuguvugu.

"Sasa inapumua," alisema. Kisha akazitazama zile nyuzi. "Hii ni kazi ya Bazubagira. Wewe unaloweka kwenye mawe. Nani mwingine anaishi karibu na boti?"

Bazubagira alikuwa mjane wa milimani, wa watu wa ng'ombe. Alikuwa ameshuka mwaka uliopita, akajenga kibanda karibu na ufukwe na kuuza maziwa. Pulchérie aliinamisha kichwa. Akarudi kuutazama uzi wa maji.

Kabla boti haijagusa mchanga wa Mboko, walisikia kilio.

Shangazi Adolphine aliwapokea mlangoni. "Ametuacha sasa hivi. Alikuwa anauliza, mke mwenzangu amefika? Tukamwambia yuko njiani." Akamwonyesha Pulchérie kikombe kando ya kitanda. Maji aliyokunywa Koko mara ya mwisho yalikuwa bado humo, nusu.

Pulchérie aligusa mkono wa bibi yake. Ulikuwa bado una joto kidogo.

Kwenye kilio, Norbert, mdogo wake Placide, alisikia kwa kaka yake habari ya muhogo. "Yule mama wa milimani nitamtoa pale," alisema. "Amemnyima mama yetu kuagana na mjukuu wake." Watu waliitikia kwa vichwa. Siku tatu Pulchérie alisikia jina la Bazubagira likisemwa vibaya.

Waliporudi Baraka, Norbert alikuwa pamoja nao. Bazubagira alisimama ufukweni, mbali na maji, akiwa na kibuyu.

"Poleni, bandugu. Nimewaletea maziwa."

"Rudi nayo," Norbert alisema. "Na leo ufungashe vyombo vyako. Muhogo wako uliziba mashine."

"Muhogo wangu? Mi naogopa hili ziwa. Hata miguu naoshea nyumbani. Muhogo wangu naloweka kwenye chungu, kuja uone."

Mtu mmoja alicheka. Norbert hakucheka. Alimpokonya kibuyu akakiinua akivunje.

"Acha, baba mdogo," Pulchérie alisema. "Gunia lilikuwa langu. Na uzi ulipopungua, niliuona. Nikasema inakojoa."

Norbert alikishusha kibuyu polepole. Akamrudishia yule mjane kwa mikono miwili. "Unisamehe, mama."

Placide aliketi kwenye ukingo wa boti. Pulchérie aliona machozi ya baba yake kwa mara ya kwanza.

"Na mimi nilimhukumu bila kuuliza," Placide alisema. "Unisamehe, mama Bazubagira." Kisha akamgeukia binti yake. "Mwanangu, kosa lako lilikuwa dogo asubuhi ile. Ungesema uzi ulipoanza kupungua, mashine isingepata moto, na ningefungua kwa kisu na kuzitoa nyuzi zile mara moja. Uliponyamaza, tukamkosa Koko. Ulipoendelea kunyamaza, karibu umnyang'anye huyu mama nyumba yake. Sema mapema, hata kama unaogopa. Mi nitakasirika, halafu nitatengeneza. Lakini nisichoambiwa siwezi kukitengeneza."

Bazubagira alimimina maziwa katika kifuniko cha kibuyu, akampa Pulchérie kwanza.

Juma lililofuata walisafiri tena. Mihogo ilikuwa nyuma ya mawe. Pulchérie aliketi mahali pake, kiganja chini ya uzi wa maji.

"Iko inakojoa?"

"Inakojoa, papa. Lakini ni kidogo kuliko asubuhi, na maji yana moto."

Placide aliizima mashine papo hapo, akachukua kisu.