Mtu Asiyetaka Kuambiwa Njia

Loris alivuta kamba waliyoteremkia, ikaja yote kutoka juu na kuanguka miguuni pake. Tangu hapo yeye na mkewe Mirella walikuwa chini ya jabali, juu ya kibaraza cha mwamba kisichotosha hata godoro, bahari ikigonga chini yao. Njia ya kutoka ilibaki moja, kupanda. Mashua iliyopangwa kuja kuwachukua endapo wangeshindwa ilikuwa imeshageuza. Upepo wa sirokko ulikuwa umeanza kuvuma kutoka kusini, na ukivuma hakuna nahodha wa pwani yetu anayesogelea mawe yale.

Niseme mapema kwamba simpendi Loris. Kila Mei tunaletewa watu wa namna yake kutoka Italia bara, suruali mpya, maneno mengi, na wote wanatufundisha sisi Wasardinia jina la kila jabali tulilochungia mbuzi.

Wapandaji wana heshima yao moja ya ajabu. Jabali linalohesabika kweli ni lile ulilolipanda kwa akili yako mwenyewe, bila kuambiwa lolote wala kumwona mwingine akilipanda. Ukidokezwa tu kwamba ushike kulia, imeharibika, utapanda lakini huhesabiwi. Wengine huichukulia kama mchezo. Kwa Loris, ungedhani ni ubikira wake.

Jana yake walikula kwa Bonaria, mwenye nyumba ya wageni pale Golgo, uwandani juu ya jabali. Bonaria ndiye aliyepigilia misumari ya chuma ya kupachikia kamba kwenye jabali lile enzi za ujana wake. Alikuja mezani na jibini ya kondoo, akaanza kuwaonya. Loris, mtu mzima mwenye mvi, akaziba masikio kwa vidole na kuanza kuimba kwa pua. Bonaria alimtazama kama unavyomtazama mbuzi aliyeingia kanisani, akamwita Mirella jikoni. Alimweleza kwamba karibu na kilele jabali linatokeza kama dari. Misumari ya kushoto imeliwa na chumvi na haielekei popote. Waende kulia, hata kama hawaoni msumari.

Kwa hiyo pale kibarazani Mirella alijaribu. "Loris, ukifika kwenye dari..."

"Nyamaza. Ukifungua kinywa umeniharibia mwaka mzima."

Akanyamaza. Nasema alikosea, na yeye mwenyewe anakubali. Lakini mtu akinyamazishwa miaka mingi, kunyamaza huwa mazoea.

Loris alipanda vizuri, simnyimi haki yake. Mirella alimshikia kamba na kumtazama akipungua huko juu. Alipofika chini ya dari aliona misumari ya kushoto, akacheka kwa furaha, akaifuata. Msumari wa kwanza ulivumilia. Wa pili ulikatika alipouegemea, na ule wa kwanza ukang'oka nyuma yake. Alianguka mpaka kamba ilipomkamata, akajigonga mwambani kwa mguu mmoja, na kifundo kikavunjika kwa sauti ambayo Mirella aliisikia kupita kelele za mawimbi. Mirella akamteremsha kwa kamba mpaka kibarazani. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwa kawaida tunawatishia nayo watoto tu.

Simu haikushika mtandao. Maji yalibaki nusu chupa. Mirella aliufunga mguu kwa shati lake na utepe ambao wapandaji hufungia vidole, kisha akatazama chini. Mawimbi yaliyokuwa yakivunjika mbali sasa yalirusha povu mpaka magotini pao. Kabla ya jua kuzama bahari ingekuwa imekipanda kibaraza kile na kuwafagia wote wawili. Siku zote Mirella alikuwa wa kumfuata mumewe, kamba ikimshika kutoka juu. Kutangulia hakuwahi.

"Utaweza kunishikia kamba?" aliuliza.

"Mguu ndio umevunjika. Mikono ninayo."

"Basi kunywa maji kidogo. Mengine yaache."

Akapanda. Alipachika kamba kwenye kila msumari aliouona, akaujaribu kwanza kwa mkono. Chini ya dari misumari mizima iliisha. Alijivuta kulia, mguu ukimtetemeka kama wa fundi cherehani, akahitaji kamba zaidi ili aufikie ukingo. Aliita ilegezwe. Haikuja. Akaita tena, na kamba ikamvuta nyuma kiasi cha kumbandua vidole. Alitazama chini akidhani mumewe amezimia.

Loris hakuwa amezimia. Alikuwa amekaa wima na kuugeuzia mwamba mgongo, uso wake ukielekea baharini.

"Loris, legeza! Unatazama nini?"

"Sitazami kitu. Sitaki kuona unaposhika. Nikipona nitarudi kulipanda."

Mirella anasema hofu ilimtoka palepale, na kilichoingia badala yake hakikuwa hasira. Kilikuwa dharau, baridi kabisa, na ilimtuliza kuliko sala. Mguu uliacha kutetemeka.

"Geuka unitazame," alisema. "Usipogeuka nafungua fundo langu sasa hivi. Kamba yote itakuwa yako, wewe na bahari yako."

Loris akageuka. Akalegeza kamba, macho ameyafumba nusu. Mirella akanyoosha mkono nje ya ukingo, mahali asipopaona, akapapasa. Vidole viliingia kwenye tundu pana kama mfuko wa koti. Akajining'iniza hapo kwa mkono mmoja, miguu hewani, akajivuta na kutoka juu kwenye vichaka vya mireteni.

Aliifunga kamba kwenye shina nene na kuikaza, ili mawimbi yakimfikia Loris yasimbebe. Akavaa viatu walivyoviacha juu, akakimbia kwa njia ya mbuzi mpaka kwa Bonaria. Helikopta ya waokoaji ilimchukua Loris jua likizama, maji yakiwa kifuani, midomo imekuwa ya buluu.

Siku iliyofuata, hospitalini Lanusei, Loris alikuwa amelala na mguu kwenye plasta. Ndugu zake walikuwa wamefika kutoka Bergamo na pipi. Hakumuuliza mkewe vidole alivyochubua mwambani vinaendeleaje. Aliwaambia wageni kwamba kwa bahati nzuri hakuona kitu, jabali bado ni lake, na Mei ijayo atarudi.

Mirella alivuta kiti karibu na kitanda.

"Unaanza na mguu wa kushoto," alisema, "kwenye jiwe jeupe."

Loris aliduwaa, kisha akaziba masikio. Lakini mkono mmoja ulikuwa na dripu na haukufika, kwa hiyo sikio moja lilibaki wazi. Mirella alikihamishia kiti upande huo na kuendelea, jiwe baada ya jiwe, taratibu, mpaka juu.